Dereva wa Kipanya

Umeme uliporudi saa nne, kompyuta iliamka na akili mpya.
Usiku kucha ilikuwa ikijisasisha, bila kuniomba ruhusa,
na asubuhi ikakikana kipanya ilichokaa nacho miaka sita.

Nikachomoa, nikachomeka.
Tundu la mbele, tundu la nyuma.
Nikapuliza vumbi la Mtaa wa Lindi,
nusu likaingia jichoni, nusu likarudi mlemle.
Taa nyekundu tumboni inawaka,
mshale kwenye kioo umeganda
juu ya neno Mheshimiwa.

Mteja yuko kwenye benchi, Mzee Kondo Salamba,
kwapani bahasha iliyokunjwa mara nne.
Amekuja tuandike barua ya vidole:
mashine ya kusajili laini imevikataa vyote kumi,
na yule binti wa kibandani, kwa adabu zote, kamwambia,
"Babu, mfumo unasema huna vidole."

"Tatizo nini, mwanangu?"
"Dereva wa kipanya, mzee. Hayupo."
Akanyanyua shingo.
"Kipanya cha wapi?"

Nikacheka, kisha nikanyamaza,
maana yeye hakucheka.
Mwenge–Posta, akasema, miaka kumi na moja,
Haisi nyeupe yenye mstari wa kijani,
klachi ngumu kama deni la shemeji,
usukani uliokula ngozi ya vidole kidogo kidogo
mpaka ukaimaliza.
"Kama wanatafuta dereva, waambie niko hapa."

Tumsifu, mwanafunzi wangu, alitaka tununue kingine.
Elfu kumi na mbili, Kariakoo, dakika ishirini.
Vijana hawa: kitu kikinuna, kitupwe.
Nikamwambia, kichomeke kwanza kwenye mashine yako.
Akachomeka. Mshale ukakimbia kama mjusi ukutani.
Unaona? Mwili mzima. Wanaogombana ni wakalimani.

Bila kipanya unaingia kwa miguu.
Mishale minne, na kile kitufe tunachokiita tabu,
na jina hatujamsingizia mtu:
tabu, tabu, tabu, chini, chini, tabu,
kama anayetafuta choo gizani nyumba ya ugenini,
hadi kwenye orodha ya vifaa,
na hapo, ubavuni mwa jina lake,
pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao.
Kifaa hakijatambuliwa.

Mzee akasogea na miwani yake ya kufunga kwa uzi.
"Hiyohiyo," akasema.
"Na rangi hiyohiyo. Mimi pia niliandikiwa hivyo."

Nikamfuta dereva mpya aliyeletwa usiku,
msomi asiyejua njia za mitaani.
Nikamrudisha wa zamani.
Nikazima. Nikawasha.
Tukangoja, feni ikitikisa kichwa:
hapana, upande huu; hapana, upande ule.

Kisha mshale ukajitokeza katikati ya kioo,
ukacheza.

Nikampisha mzee akishike.
Akakifunika kwa kiganja chote,
akakata kona kushoto, polepole,
akafunga breki ukingoni mwa ukurasa
na kugeuka nyuma kidogo,
kama kuna mtu wa kushuka.

Barua tuliimaliza saa sita kasorobo.
Ukurasa mmoja: kwamba mwombaji ana vidole,
kwamba ni vyake,
kwamba vilifanya kazi.
Akasaini, mwandiko wa shule ya zamani, mzuri kuliko wangu.
Halafu, maana wao lazima wadai,
dole gumba kando ya saini.

Nikamfungulia kidau cha wino.
Akabonyeza, akahesabu moja mpaka tatu, akainua.
Likabaki doa la buluu, laini kama kokoto,
halina mstari hata mmoja.

Tukalitazama wote watatu.

"Elfu moja na mia tano," nikasema,
kwa kukosa la kusema.